Vigae viwili vilivyopasuka sebuleni

Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza kama vigae viwili vilivyopasuka vinakulazimu kubomoa sebule nzima. Havikulazimu. Kwanza gonga taratibu kwa mpini wa nyundo vigae vinavyovizunguka, kwa sababu kinachotoa mlio wa uwazi hakijashikana na sakafu, nacho kitapasuka ukiburuta kabati juu yake. Kwangua saruji ya mianyani kabla ya kushika tindo, kisha vunja kila kigae kilichopasuka kuanzia katikati kuelekea kingoni ili vya jirani visimeguke. Vaa miwani. Ondoa gundi yote ya zamani, utandaze mpya kwa mwiko wenye meno, kisha ulaze kigae kipya. Mafundi wengi huweka mafungu matano tu ya gundi chini ya kigae, jambo linalonisikitisha sana, maana uwazi huanzia hapo. Subiri saa 24 ndipo ujaze mianya.