Tiketi iliyolipwa na kampuni: tuitaje kwenye makala au tuache?

Mkuu, nimekuelewa hivi: kampuni iliwapa vipimo vya haraka vya malaria bure kwa ajili ya utafiti wenu, mwaka jana ikamlipia bosi wako tiketi na hoteli kwenda kongamano, na sasa mnakaribia kutuma makala. Bosi anasema uandike "hakuna mgongano wa maslahi" kwa sababu hela yenyewe ni ndogo, nawe unaona uzito kumbishia.

Usiandike hivyo. Nasema kwa sababu yalinikuta.

Nilikuwa mtakwimu kwenye utafiti wa mashine ndogo ya kupima wingi wa damu kwa wajawazito kliniki. Waandishi tulikuwa saba, na kazi ya kutuma makala niliachiwa mimi kwa kuwa nilizoea mifumo ya majarida. Usiku ule mfumo ulipouliza maslahi ya kila mwandishi, nikajaza "hakuna" mara saba. Sikumpigia mtu simu. Ndivyo nilivyokuta wenzangu wakifanya, nikadhani ni kipengele cha kupita tu.

Makala ilishatoka miezi kadhaa ndipo mhariri akatuandikia. Msomaji mmoja alikuwa amekuta jina la mwenzetu kwenye ratiba ya mafunzo ya kampuni iliyotengeneza mashine: alilipwa kufundisha wauguzi namna ya kuitumia. Tulipomuuliza, alijibu pale pale, akashangaa kwamba hatukujua. Hakuficha kitu. Mimi ndiye sikuuliza.

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba matokeo yetu hayakuibeba ile kampuni. Tuliandika wazi kwamba mashine inakosea kwa mama mwenye upungufu mkubwa wa damu, na hesabu zile nilizirudia mwenyewe. Lakini jarida lilipochapisha masahihisho ya tamko letu la maslahi, daktari mmoja wa wilaya aliniuliza kikaoni: "Sasa sehemu mliyoisifia mashine niiamini?" Kazi ya miaka miwili, na mtu tuliyemkusudia anaisoma kwa mashaka.

Majarida mengi yanatumia fomu ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba. Kila mwandishi anajaza yake. Sehemu ya kwanza inahusu msaada wowote uliofanikisha kazi hiyo yenyewe, na haina ukomo wa muda: vipimo vyenu vya bure vinaingia hapo. Sehemu zinazofuata zinarudi nyuma miezi 36: ruzuku, malipo ya ushauri, posho za kutoa mada, safari, hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi), hisa, kuwa mjumbe wa bodi, vifaa. Tiketi na hoteli ya bosi vinaingia kwenye safari. Fomu haikuulizi kama ulishawishika. Inauliza ulipokea nini, kutoka kwa nani. Kwa hiyo "hela ndogo" si jibu la swali lililoulizwa.

Kisha elezeni nafasi ya kampuni ndani ya makala, kwa maneno ya kawaida: "Kampuni ilitoa vipimo bila malipo. Haikushiriki kupanga utafiti, kuchambua takwimu wala kuandika makala." Mwandike hivyo ikiwa ndiyo kweli. Kama mkataba unairuhusu kusoma rasimu kabla haijatumwa, semeni hilo pia. Na kama kati yenu yupo mwajiriwa wa mpango wa serikali unaotathminiwa, naye ataje ajira yake. Sisi huku tunawaza hela tu, tukisahau kwamba mtu anayepima kazi ya ofisi yake naye ana upande.

Bosi akisema hakuna atakayejua, mkumbushe José Baselga, aliyekuwa mganga mkuu wa kituo cha saratani cha Memorial Sloan Kettering, New York. Septemba 2018 gazeti la The New York Times na ProPublica, chombo cha habari za uchunguzi, walionyesha kwamba kwenye makala nyingi hakutaja malipo ya kampuni, na jumla ya alichopokea ilifika mamilioni ya dola. Alisema haikuwa makusudi. Ndani ya siku chache alijiuzulu, na kabla mwaka haujaisha akaachia pia uhariri wa jarida la Cancer Discovery. Marekani malipo hayo yako wazi mtandaoni tangu 2014, kwa sheria inayozilazimisha kampuni kuyaripoti. Kwetu mhariri anategemea neno lako, na mimi naona hilo linatuongezea wajibu.

Kuhusu kumkabili bosi: usimwambie "Prof, una mgongano wa maslahi." Atasikia anaitwa mla rushwa, na mazungumzo yataishia hapo. Watumie waandishi wote fomu siku moja, yeye akiwemo, na ujumbe mfupi: "Shikamoo Prof, jarida linataka kila mwandishi ajaze na kusaini yake. Naomba tuipate kabla ya Ijumaa. Vipimo vya bure nimeshavitaja kwenye yangu." Mimi hutuma hivyo sasa kwa kila makala, na sijawahi kukataliwa. Wazee wengi hujaza bila neno wakiona ni utaratibu wa wote.

Na ukisikia makala imeshatumwa bila wewe kujua, mwandikie mwandishi aliyeituma, kisha mhariri, leo hii. Kabla haijachapishwa, tamko linarekebishwa kwa barua pepe. Ikishatoka, yanakuwa masahihisho kama yetu, na kila anayeifungua makala anayakuta.