Klipu ya soketi ya koili imevunjika: usikubali waya ziungwe moja kwa moja

Ndugu, umesema klipu ya soketi ya koili (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) ya silinda ya pili kwenye Toyota Fielder yako imevunjika, injini inakosa, yaani silinda hiyo haichomi mafuta sawasawa, ukipanda mlima wa Riat, na fundi anataka kukata soketi aunge waya moja kwa moja kwenye pini za koili. Tafadhali usimruhusu. Siku koili hiyo ikifa mtakata tena, na kila mkikata waya inazidi kufupika hadi isifike.

Nina Probox yenye injini kama yako, 1NZ-FE, na mwenye gari aliyenitangulia alikuwa ameungiwa hivyo. Nilipobandua ile tepu nyeusi, gundi ilikuwa imeyeyuka kwa joto na kuninata vidoleni. Chini yake nyuzi za shaba zilikuwa zimeota ukijani, na viungo viwili vimelaliana bega kwa bega huku tepu iliyooza ndiyo pekee inayovitenga. Nikaelewa kwa nini gari lilikuwa likikosa kila likitoka kuoshwa.

Koili hiyo ina waya nne: moto wa betri, athi (waya wa hasi), amri ya kompyuta ya gari ya kupiga cheche, na waya unaorudisha habari kwa kompyuta kwamba cheche imepigwa. Klipu ndiyo inayoshikilia zote nne zisicheze. Isipokuwepo, injini ikitetema tamino (vichwa vya chuma kwenye ncha za waya) husuguana na pini za koili, uchafu wa kutu unajijenga hapo na umeme unapita kwa shida. Kufunga kwa kamba ya plastiki kutakufikisha nyumbani, lakini usikae nayo.

Tafuta soketi mpya. Namba yake ya Toyota ni 90980-11885. Ukichukua ya gari lililobomolewa, chagua iliyokatwa na waya ndefu, na uibonyeze klipu kabla hujalipa. Plastiki iliyokaushwa na joto hulia na kupasuka mkononi.

Kama waya zako bado nzima, hakuna haja ya kukata chochote. Legeza hasi ya betri kwa spana namba 10, piga picha kuonyesha kila rangi inaingia tundu gani, kisha hamisha tamino moja moja kwenye gamba jipya, yaani plastiki ya soketi mpya. Hapa usiwe na haraka. Ukivuta waya kwa nguvu unaharibu. Sukuma waya ndani kidogo kwanza, inua kwa sindano kidole chembamba cha plastiki kinachoizuia tamino ndani ya gamba, ndipo uvute taratibu. Kabla ya kuiingiza kwenye gamba jipya, chomeka pini ya koili mbovu ndani ya tamino na uivute: isikie ikishika. Ikitoka bila kushikwa, tamino hiyo imepanuka, na gamba jipya halitakusaidia.

Ikibidi kuunga, kata kila waya mahali pake, kiungo kimoja kipitane na kingine kwa sentimita mbili hivi. Vaa mpira wa kusinyaa kwa joto kabla ya kuunga, chagua ule wenye gundi ndani. Mimi napendelea kubana kwa koleo lake kuliko kulehemu, kwa sababu risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, halafu zinakatikia hapo kwa mtetemo. Kama fundi wako analehemu tu, basi afunge waya vizuri karibu na kiungo usiyumbe.

Ukimaliza, washa injini na utikise waya polepole kwa mkono. Ikiendelea kukosa, badilishana koili ya silinda ya pili na ya tatu, kisha usome hitilafu kwa mashine. P0302 ni namba ya hitilafu ya silinda ya pili kukosa, P0303 ni ya silinda ya tatu. P0302 ikigeuka P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, angalia plagi, waya na injekta ya silinda hiyo kabla hujanunua koili nyingine.