Ile picha ya kanivali, mpwa wangu

Mpwa wangu, sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. "Mjomba unakula raha, tumekuona kwenye kanivali ya London!" Na mama yako keshawaambia nusu ya watu wa Makunduchi huko Unguja. Haya, sasa nisikilize mimi.

Kile kizibao cha njano nilichovaa si pambo. Ni sare ya wafagiaji. Kanivali hiyo, ya mtaa wa Notting Hill, huchezwa Jumapili na Jumatatu mwishoni mwa Agosti, na sisi huingia watu wakianza kutoka. Tunazoa makopo, mifupa ya kuku, manyoya yaliyopukutika kwenye mavazi. Na mikojo ya watu wazima, vizingitini mwa matajiri. Nilijipiga picha kabla ya zamu, ufagio nikauficha. Hilo kosa langu.

Mwaka jana kijana mmoja alisubiri niiname, akaniangushia kopo mguuni. "Kazi yako hiyo." Wallahi nilikumbuka Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya. Kwetu ukiwa na kinyongo na mtu unamngoja Julai, mnachapana kwa mabua ya migomba mchana kweupe, wanawake wanawaimbia kashfa, kibanda cha makuti kinawaka, kisha mnakwenda kula pamoja. Huku sina mgomba. Nililiokota kopo.

Kulikuwa na mzee mpiga zumari, jirani wa bibi; wewe hukumdiriki. Akivimbisha mashavu, mimi mtoto nikidhani kameza maembe mawili. Siku za kawaida alikuwa mtu wa kukopa unga dukani. Siku ya Mwaka hakuna aliyempita bila kumwamkia. Huku kuna mpiga tarumbeta stesheni, fundi hasa, na watu wanampita kama nguzo. Hata mimi humpita. Nachelewa treni.

Sasa wewe unataka kuja na zumari lako. Usije. Ukija, njoo na kibali cha kazi mkononi, na anayekuomba pesa akutafutie kibali ni tapeli, hata akiwa mjomba wa rafiki yako. Baridi utaizoea. Mimi bado. Au njoo tu, nipate wa kusema naye Kikae, lahaja yetu ya Makunduchi, maana ulimi wangu unaota kutu. La, mama yako atabaki na nani?

Pesa za bati nimetuma jana. Habari ya ufagio usimwambie.

Na Julai ukipiga zumari Kae Kuu, pale uwanja wa Mwaka, nirekodie. Nauli ya mwezi huo siiwezi, ndege zimejaa Wazungu wanaokuja kukutazama wewe.