Daktari Anapoingia Kambini

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni daktari wa kike, mkaazi wa Langoni, Lamu. Nimemaliza mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini, nimesajiliwa na baraza letu la madaktari, na sasa nataka kuomba nafasi ya afisa mtaalamu, yaani anayeingia akiwa tayari na taaluma yake, katika Majeshi ya Ulinzi ya Kenya. Mama ananiuliza kama nitafundishwa kuua watu, nami sina jibu la kumpa. Mwenyewe nahofia zaidi mbio na amri. Nitakuta nini huko?
Daktari mpya, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Nianze na hofu yako, kwa kuwa ndiyo utakayokutana nayo siku ya kwanza. Maafisa wataalamu hupitia Chuo cha Kijeshi kilichoko Lanet, Nakuru, kama makadeti wengine, ingawa muda wao ni mfupi zaidi, na shahada yako haitakupunguzia hata hatua moja ya kwata. Utapiga buti, utasoma ramani, utalala porini, utafungua bunduki na kuisafisha, na atakayekukosoa kwa jinsi ulivyotandika kitanda ni sajini ambaye pengine hajawahi kuingia chumba cha upasuaji. Kwa maoni yangu huo ndio mtihani wenyewe, kuliko mbio. Umezoea wodini wauguzi wakusubiri useme. Kule utasubiri wewe. Wajua kwamba katika jahazi hata mtoto wa nahodha huanza kwa kufua maji ya ngama, yale yanayojaa chini ya chombo, wala hakuna anayemdhania kuwa amedharauliwa.

Mbio nazo zina sababu ya kukutisha. Lanet iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na wewe umekulia pwani, kwa hiyo majuma ya mwanzo utahema kama mgonjwa hata ukiwa mzima, mpaka mwili uongeze chembe nyekundu za damu. Kimbia kwenye mchanga wa Shela alfajiri kuanzia sasa, na usikimbie pekupeku. Miguu iliyozoea makubadhi hutoka malengelenge ndani ya buti, na lengelenge moja kisiginoni laweza kukuweka nje ya mazoezi. Baridi ya usiku sina haja ya kuieleza, utaijua mwenyewe.

Sasa la mama. Mwambie kwamba bunduki utafundishwa, lakini Mkataba wa kwanza wa Geneva wa mwaka 1949 unamweka tabibu wa jeshi mahali pake: haruhusiwi kushambuliwa maadamu hashiriki mapigano, huvaa kitambaa chenye alama ya msalaba mwekundu au hilali nyekundu kwenye mkono wa kushoto, na silaha aliyo nayo ni ya kujilinda yeye na majeruhi walio chini yake. Mkataba huohuo unamtaka amtibu adui aliyejeruhiwa sawa na mwenzake, na anayetangulia kuhudumiwa ni yule ambaye hali yake ni ya haraka zaidi, hata kama saa moja iliyopita alikuwa akiwafyatulia risasi. Hapo pana uzito kuliko kushika bunduki.

Hata udaktari wenyewe hugeuka mpangilio. Hospitalini umefundishwa kuanza na njia ya hewa. Katika tiba ya vitani damu inayobubujika hutangulia, kwa sababu aliyepigwa pajani anaweza kumalizika kwa dakika chache. Unakaza mkanda upande wa juu wa jeraha, si kwenye jeraha lenyewe, hadi damu ikome, kisha unaandika saa uliyoukaza, ili daktari atakayempokea ajue mguu umekaa bila damu kwa muda gani.

Usajili wa kuingia jeshini ni wa bure. Akikujia mtu na barua na bei yake, hata akiwa jirani, mfungie mlango. Na mama asidhani kwamba kwa kuwa kuna kambi ya wanamaji kwenye Ghuba ya Manda, humohumo Lamu, utarudishwa karibu naye: utakakopelekwa huamuliwa na jeshi, na hilo mlizungumze kabla hujajaza fomu.