Maswali ya Wasomaji: “Qui veut” au “qui veulent”?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwongoza watalii hapa Bagamoyo, na Kifaransa nimejifunza ukubwani. Juzi nilikuwa na wageni 11 kutoka Ufaransa, na tulipofika kwenye magofu ya Kaole niliwauliza, “Qui veulent entrer?”, nikikusudia kujua ni akina nani wanataka kuingia. Bibi mmoja akanisahihisha kwa upole: “Qui veut.” Niliona haya, lakini sikuelewa, kwa kuwa nilifundishwa kwamba kitenzi hufuata idadi ya watenda, na wale walikuwa wengi. Nilikosea wapi?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Ndugu yetu, kanuni uliyofundishwa ni sahihi, ila hukukitambua kiima. Kiima cha swali lako si wageni waliosimama mbele yako bali ni neno qui lenyewe, na neno hilo linapokuwa kiima huchukua kitenzi cha nafsi ya tatu umoja, hata kama muulizaji anajua fika kwamba watakaoitikia ni kundi zima. Nasi tuna mazoea hayohayo: mama anayepakua wali huku amezungukwa na watoto 6 huuliza “Nani hajala?”, wala hasemi “hawajala”. Tofauti ni kwamba sisi tuna akina nani, ilhali Kifaransa hakina neno la namna hiyo, anayetaka wingi ulio wazi hutumia lesquels, yaani “wepi”, kama katika “Lesquels d’entre vous veulent entrer?”, na hapo veulent yako ingekuwa mahali pake.

Pengine umewahi kusikia “Qui sont ces gens?” ukadhani kanuni imevunjwa. La hasha: kiima cha swali hilo ni ces gens, yaani watu hawa, na ndicho kinachokivuta kitenzi kwenye wingi.

Kilichokuponza hasa ni kitenzi ulichokichagua. Ungaliuliza “Qui montent?” badala ya “Qui monte?”, yaani nani anapanda, bibi yule asingalisikia kosa lolote, maana maumbo hayo mawili hutamkwa sawasawa na hutofautiana katika maandishi tu. Veut na veulent, vient na viennent, est na sont, ndivyo vinavyomuumbua mwanafunzi.

Ama est-ce que, maneno ya kufungulia swali kama “je” yetu, hiyo haibadiliki kamwe ingawa ndani yake mna est: katika “Est-ce que les enfants dorment?”, yaani je, watoto wamelala, wingi hubebwa na dorment.

Ukija kwenye idadi na aina, lugha hizi mbili hupishana kwa namna inayonifurahisha. Kwetu -ngapi hufuata ngeli, watu wangapi, vitabu vingapi, na gani haibadiliki. Kwao combien haibadiliki, na quel ndiyo inayogeuka kwa jinsia na idadi kuwa quelle, quels au quelles. Hata hivyo, kitenzi hufuata nomino inayohesabiwa iwapo ndiyo kiima, hivyo ungeweza kuuliza bila kosa, “Combien de personnes veulent entrer?” Penye ugumu ni pale nomino hiyo inapokuwa yambwa, yaani kinachotendwa, iliyotangulia kitenzi, kama katika “Combien de photos avez-vous prises?”, yaani mmepiga picha ngapi, ambapo pris hugeuka prises kwa kuwa photo ni nomino ya kike na hapa iko katika wingi, na sikio hulipata badiliko hilo kwa sauti ya z inayojitokeza mwishoni. Wafaransa wenyewe wakizungumza huteleza hapo mara nyingi, kwa hiyo ukikosea hilo huko Kaole, huenda hakuna bibi atakayekusimamisha.