Jibu: Anayeripoti kubakwa anaweza kuadhibiwa na chuo?

Dada, umeuliza kama chuo cha dini kinaweza kumwadhibu binti anayeripoti kubakwa kwa sababu siku hiyo alikunywa pombe au alikuwa chumbani kwa mvulana. Imeshatokea. Chuo Kikuu cha Brigham Young, cha Wamormoni (waumini wa kanisa lililoanzia Marekani) huko Utah, Marekani, kinakataza pombe na ngono nje ya ndoa. Mwaka 2016 wanafunzi kadhaa walijitokeza wakasema waliporipoti kushambuliwa, ofisi ya maadili ilianza kuwachunguza wao. Taarifa zilitoka ofisi inayopokea malalamiko zikafika kwa watu wa nidhamu. Ubaya wenyewe uko hapo, maana mbakaji anajua msichana ataogopa kufukuzwa, na hofu hiyo ndiyo inayomlinda yeye. Gazeti la Salt Lake Tribune lilifuatilia suala hilo hadi likapata tuzo ya uandishi wa habari ya Pulitzer 2017. Chuo kilikubali mapendekezo 23 ya kamati yake, likiwemo la kutomwadhibu anayeripoti kwa kanuni alizovunja wakati wa tukio.

Kwa hiyo kabla mdogo wako hajajiunga na chuo cha dini, ulizeni: je, kinga hiyo imeandikwa kwenye kanuni zao? Wakijibu kwa mdomo tu, msikubali.