Ndege wakubwa wakiwa angani: kasi, mwanga na upepo

Ndugu, umeuliza kwa nini korongo na tai unaowapiga picha wakiruka hutoka na ukungu kwenye ncha za mabawa, huku mwili ukiwa mweusi kama kivuli. Kasi ya shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga) ya 1/500 ya sekunde uliyoitaja huweza kumtosha ndege anayeelea bila kupiga mabawa, lakini anayepaa kutoka chini akipiga mabawa anahitaji 1/1600 au kasi zaidi, hata ikikubidi kupandisha ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), kwa kuwa chembechembe ambazo ISO kubwa huleta kwenye picha huvumilika kuliko ukungu. Weusi unatokana na kamera kudanganywa na mwanga wa anga: ongeza mwangaza wa picha kwenye kamera kwa hatua moja (yaani mwanga maradufu), pengine moja na nusu kukiwa na mawingu meupe, kisha uupunguze ndege anaposhuka mbele ya miti. Fokasi, yaani mpangilio wa kamera unaomfanya ndege aonekane wazi, iwe ya kumfuatilia mfululizo. Jambo ambalo wengi hulipuuza, nami naliona kubwa kuliko lenzi yenyewe, ni upepo: ndege mzito hupaa na kutua akiuelekea, hivyo ukisimama upepo na jua vikiwa mgongoni mwako, atakujia kwa mbele akiwa na mwanga usoni. Anza kumfuata kwa kamera angali mbali, ukigeuza kiuno badala ya mikono, na usiache kugeuka mara tu unapobonyeza.